Nionyeshe kwa Vidole

Mazungumzo ya redioni. Somo: Marko 10:46-52

Pengine asubuhi ya leo uko jikoni unachemsha chai, au umo ndani ya matatu katika barabara ya Namanga ukienda kazini, au umesimama na mifugo yako kule Ilbissil na redio ndogo mfukoni. Karibu. Tena pengine uko kitandani, mgonjwa, na redio hii imewekwa karibu na kichwa chako na mtu anayekupenda. Wewe hasa nakukaribisha, kwa maana mazungumzo ya leo ni yako.

Kama Biblia i karibu, fungua Injili ya Marko sura ya 10, usome kuanzia mstari wa 46 hadi wa 52. Kama haiko karibu, nisikilize nikusimulie. Yesu anatoka Yeriko, na umati mkubwa unamfuata. Kando ya njia ameketi mwombaji kipofu, Bartimayo. Anamlilia Yesu. Watu wanamkemea anyamaze, naye anazidi kupaza sauti. Yesu anasimama na kuagiza aitwe. Kipofu anatupa vazi lake, anakuja. Hapo Yesu anamwuliza swali: anataka afanyiwe nini?

Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha theolojia niliandika insha ndefu juu ya kifungu hiki. Nilieleza maana ya jina Mwana wa Daudi. Nilieleza kwa nini Marko aliiweka habari hii kabla tu ya Yesu kuingia Yerusalemu. Mwalimu alinipa alama nzuri. Lakini ndugu zangu, lile swali lenyewe sikulielewa. Kipofu atataka nini, kama si kuona? Kila mtu pale njiani alijua shida yake. Mbona Bwana anauliza?

Nililielewa swali hilo miaka mingi baadaye, katika chumba kidogo cha kulala pale Kitengela. Aliyenifundisha hakuwa profesa. Alikuwa sista mmoja, mwuguzi, aliyekuja na mkoba wa dawa na karatasi moja ya maswali.

Katika parishi yetu alikuwako mzee wa kanisa. Jina lake silitaji, ingawa mjane wake ameniruhusu nisimulie habari hizi ili ziwafae wengine. Alikuwa mtu wa bucha. Wengi walionunua nyama kwake walimjua kwa mabega yake, maana alikuwa akishusha nusu ya ng'ombe kutoka kwenye gari peke yake na kuitundika bila kuhema. Alikuwa Mmaasai wa tambarare hizi za Kaputiei, na alilelewa kama wavulana wa huko walivyolelewa: siku ya jando mwanamume hapepesi jicho.

Kiangazi kimoja mgongo wake ulianza kumwuma. Akasema ni uzito wa nyama. Akanunua vidonge kwenye duka la dawa, akaendelea na kazi. Halafu hamu ya chakula ikapotea. Alikwenda katika zahanati moja akaambiwa ana vidonda vya tumbo. Akaenda kwingine akaambiwa ana kisukari, jambo ambalo halikuwamo katika ukoo wao. Alitumia dawa za vyote viwili, na huku mwili unaisha. Ule mshipi wake wa ngozi alioutoboa tundu moja, akatoboa la pili, akatoboa la tatu.

Kisha macho yake yakawa manjano. Mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi, na choo kikawa cheupe kama udongo wa kupakia ukuta. Akaanza kujikuna. Alijikuna mchana, akajikuna usiku, hata shuka zikawa na damu.

Sasa nitawaambia jambo ambalo siwezi kuliambia bila aibu. Watu walianza kunong'ona. Macho ya manjano, wakasema, ni ini. Na ini, wakasema, ni pombe. Mzee wa kanisa anakunywa kwa siri! Neno hilo lilifika katika baraza la parishi. Mtu mmoja alipendekeza apumzishwe kidogo katika utumishi wake mpaka mambo yajulikane. Mimi nilikuwa mwenyekiti. Sikukubali, lakini pia sikukataa. Nilisema tuendelee kuomba. Ndugu msikilizaji, wako watu wanaosema tuendelee kuomba kwa sababu wanamtumaini Mungu, na wako wanaosema hivyo kwa sababu wanaogopa kusema ukweli. Siku ile mimi nilikuwa wa kundi la pili.

Hatimaye alipigwa picha za tumbo jijini Nairobi, na jibu likatoka. Haikuwa pombe. Ilikuwa saratani ya kongosho, nayo ilikuwa imeshafika kwenye ini.

Wengi wetu hatujui kongosho ni nini, basi nieleze kidogo. Ni kiungo chenye urefu wa kama sentimita 15, kimelala nyuma ya tumbo la chakula, karibu na uti wa mgongo. Kina kazi mbili kubwa. Kwanza, kinatoa majimaji ya kusaga chakula, hasa mafuta. Pili, kinatoa insulini, ile inayotawala sukari katika damu. Tena mfereji unaoleta nyongo kutoka kwenye ini unapita katika kichwa chake kabla ya kuingia katika utumbo.

Sasa ukilijua hilo, utaona kwamba mambo yote yaliyompata mzee yalikuwa na shina moja. Uvimbe ulikandamiza mishipa ya fahamu iliyo nyuma, ndipo mgongo ukauma. Uliziba njia ya nyongo, ndipo macho yakawa manjano na ngozi ikawasha. Uliharibu kazi ya insulini, ndipo kisukari kikaingia uzeeni. Ulizuia maji ya kusaga chakula, ndipo akala na asinenepe. Lakini kwa kuwa kiungo hiki kimejificha, ugonjwa huu hukua kimya kimya, na wagonjwa walio wengi hugunduliwa wakati upasuaji wa kuuondoa hauwezekani tena. Makadirio ya mwaka 2022 yalionyesha kwamba ulimwenguni kote watu wapatao 510,000 waligunduliwa kuwa na saratani hii, na katika mwaka huo huo ikaua watu wapatao 467,000. Hesabu hizo mbili zinakaribiana mno, na hiyo peke yake inaeleza ukali wa ugonjwa huu.

Sisemi hivi ili nikutie hofu. Migongo mingi inayouma si saratani, na watu wengi wenye kisukari hawana ugonjwa huu. Lakini mtu aliyepita miaka 50 akipata kisukari ghafula huku anakonda, au macho yake yakiwa manjano, asingoje mnong'ono wa majirani. Aende hospitali upesi. Na wewe unayevuta sigara, au unayetafuna tumbaku, jua kwamba tumbaku ni mojawapo ya mambo yanayoongeza hatari ya saratani hii.

Basi tumrudie mzee wetu. Madaktari walipitisha mrija mdogo ndani ya njia ya nyongo ili ifunguke. Baada ya siku chache manjano yakapungua na ule mwasho ukaisha. Walieleza wazi kwamba uvimbe wenyewe hauwezi kukatwa. Walisema iko dawa ya saratani inayoweza kupunguza mwendo wa ugonjwa kwa muda, kama mwili una nguvu ya kuibeba. Mwili wake haukuwa na nguvu hiyo. Akarudishwa nyumbani.

Nasi kanisani tukafanya nini? Tukafanya kile tunachokijua. Tukaunda kamati ya harambee, apelekwe India. Mimi nikawa mwenyekiti. Mnakumbuka Julai ya mwaka 2019, wakati katika mwezi mmoja Kenya ilipowapoteza Bob Collymore wa Safaricom, Mbunge Ken Okoth na Gavana Joyce Laboso, wote wakiwa wamepigana na saratani? Na baadhi yao walitibiwa ng'ambo. Lakini akilini mwetu ng'ambo imekaa kama mlango wa mwisho wa tumaini. Tulichapisha kadi, tukatangaza baada ya ibada, tukapokea mbuzi na pesa. Upendo ulikuwako, wala siudharau. Ila tulisahau jambo moja. Katika vikao vyote vinne vya kamati ile, hakuna mtu aliyekwenda kumwuliza mgonjwa anataka nini.

Nilikuwa nikimtembelea, ndiyo. Kila Alhamisi nilikwenda, nikasoma Zaburi, nikaomba, nikanywa chai. Nilipomwuliza, "Mzee, hujambo?" alinijibu, "Sijambo, Mchungaji. Mungu ni mwema." Nikaondoka nimefarijika. Mara mbili nilimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, kifua chake kimeegemea godoro, kichwa kimeinama. Mkewe akaniambia anakaa hivyo usiku kucha. Jumapili nikawaambia watu kutoka mimbarani: jifunzeni kwa mzee wetu, anakesha akiomba katika ugonjwa wake!

Ndipo akaja yule sista. Alitoka katika huduma ya kutuliza maumivu, ile ambayo wengine huiita tiba tulizi, na Watanzania huiita tiba shufaa. Alikuwa binti wa Kimaasai. Alipoingia aliinamisha kichwa mbele ya mzee, naye mzee akamgusa utosini kama ilivyo desturi. Akaketi chini, si juu ya kiti. Akasema, "Baba, najua wewe ni mwanamume. Sikuulizi kama unaweza kuvumilia. Nakuuliza inauma kiasi gani. Ukifunga ngumi, maana yake hakuna maumivu. Ukinyosha vidole vyote vitano, maana yake hakuna maumivu makubwa kuliko hayo. Nionyeshe kwa vidole."

Mzee alimtazama. Akanitazama mimi. Akatazama ukuta. Kisha polepole akanyosha vidole vitano.

Sista akamwuliza, "Na ukilala chali?" Mzee akasema, "Silali chali. Silali kabisa. Napiga magoti tu, nikiinama mbele ndipo unapungua." Wagonjwa wengi wa kongosho wako hivyo: kulala chali kunazidisha, kuinama mbele kunapunguza. Na mimi nilikuwa nimelihubiri teso lake kana kwamba ni mkesha wa maombi! Baadaye nilimwomba msamaha. Akatabasamu, akasema, "Mchungaji, hukukosea sana. Mtu akiumwa hivyo usiku kucha, anaomba."

Sista akaendelea. Maswali yale yameandaliwa na Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika, ambacho makao yake yako Kampala, nayo hutumika katika nchi nyingi za bara letu. Ni kumi tu. Saba huulizwa mgonjwa mwenyewe, na matatu huulizwa anayemtunza. Hayaulizi maumivu peke yake. Yanauliza pia: una wasiwasi kiasi gani? Umeweza kumweleza mtu yaliyo moyoni mwako? Unaona maisha yako yana thamani? Una amani?

Kwa wasiwasi mzee alinyosha vidole vitano tena. Kumbe kuna ng'ombe wanne aliowachukua kwa mkopo kwa ajili ya bucha, na hakuna mtu nyumbani aliyejua deni hilo. Kumbe yeye na ndugu yake aliye upande wa Kajiado mjini hawakusemezana tangu waligawane shamba la baba yao.

Alipoulizwa kama ana amani, alifunga ngumi. Katika swali hilo ngumi maana yake hakuna amani hata kidogo. Akasema kwa sauti ndogo, "Wameniombea mara nyingi. Wengine wameniambia nitubu dhambi niliyoificha. Nimetafuta dhambi hiyo, sijaiona. Basi nadhani Mungu anaiona, nami ameniacha."

Wapenzi wasikilizaji, mimi nilikuwa nimeketi hatua mbili kutoka pale, na kola yangu shingoni.

Kisha sista akamgeukia mke. "Na wewe, Mama, wasiwasi wako ni vidole vingapi?" Mama yule hakunyosha kidole hata kimoja. Alijifunika uso kwa leso akalia. Alikuwa ameosha, amepika, amefua shuka, amekesha, amewapikia chai wageni wa harambee, na katika muda huo wote hakuna aliyemwuliza habari zake.

Siku hiyo mzee alianza kutumia mofini ya maji kwa maagizo ya daktari. Hapa nataka nitulie kidogo, kwa maana neno mofini linaogopwa katika nyumba za Wakristo. Wengi husema ni dawa ya kuulia, au ya saa ya mwisho, au ya kumfanya mtu teja. Sivyo. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutuliza maumivu ya saratani kwa hatua, kama ngazi: dawa ndogo kwa maumivu madogo, na mofini kwa maumivu makubwa. Inanywewa kwa saa zake, kwa kawaida kila baada ya saa nne, isingojewe mpaka maumivu yamrudie mgonjwa. Ikitolewa kwa kipimo chake kama daktari alivyoagiza, haimfupishii mtu maisha. Hufunga choo, kwa hiyo hupewa pamoja na dawa ya kulainisha choo. Mwanzoni huleta usingizi. Na mtu ambaye hakulala wiki tatu, usingizi huo si adui yake!

Tena habari hizi si ngeni kwetu Wakristo. Aliyeanzisha hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, Dakta Cicely Saunders, alikuwa Mwanglikana aliyefanya kazi ya uuguzi kabla ya kuwa daktari. Yeye ndiye aliyefundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa ni ya mwili, ya akili, ya jamaa na ya roho, yote kwa pamoja. Hapa kwetu hospisi ya Nairobi ilianza mwaka 1990. Alifanya kazi hapo Dakta Anne Merriman, naye mwaka 1993 akaanzisha hospisi kule Uganda, mofini ya unga ikichanganywa na maji ili hata maskini aipate. Na mwaka 2014 mataifa yalikubaliana katika Mkutano wa Afya Duniani kwamba huduma hii iwe sehemu ya matibabu ya kawaida katika kila nchi.

Usiku wa pili mzee alilala. Alilala chali, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Mkewe aliogopa, akaamka mara tatu kusikiliza kama bado anapumua.

Kuhusu chakula pia tulijifunza. Jamaa walikuwa wamechinja kondoo na kumnywesha mafuta yake, kama tufanyavyo kwa mtu aliyedhoofika. Ni upendo, na kwa magonjwa mengine mafuta yanafaa. Lakini kongosho la mzee lilikuwa halisagi mafuta. Kila kikombe kilimletea tumbo kusokota na choo chenye mafuta kinachoelea. Sista hakuwakemea. Alisema, "Upendo wenu mwendelee nao, ila muubadilishie chombo." Akaagiza chakula kidogo kidogo mara nyingi: uji, maziwa kidogo, viazi vilivyopondwa. Daktari akaandika vidonge vya kusaidia kusaga chakula, ambavyo mgonjwa huvimeza pamoja na mlo. Hakunenepa, lakini tumbo lilitulia.

Na ile safari ya India? Siku ya tatu nilikwenda peke yangu. Nilifanya kama Bwana alivyofanya barabarani pale Yeriko. Nikamwuliza anataka tumfanyie nini. Akajibu upesi, kama mtu aliyekuwa na jibu mdomoni muda mrefu. "Mchungaji, India sitaki. Nataka nimwone ndugu yangu. Nataka deni la ng'ombe lijulikane. Na nataka nije kanisani siku moja nipokee Meza ya Bwana nikiwa nimeketi na watu."

Kikao cha kamati kilikuwa kigumu. Baadhi ya ndugu walisema tumemkatia Mungu tamaa. Mmoja alitaka mchango wake urudishwe, akarudishiwa, na mpaka leo hatujaelewana kabisa katika jambo hilo. Wengine walikubali fedha zitumike kwa dawa, kwa gari la kwenda kliniki, na kwa deni. Kina mama wa Mothers' Union wakapanga zamu za usiku, wawili wawili, ili mke wa mzee alale. Ndugu yake akaja kutoka Kajiado. Waliketi chini ya mti uani toka saa nne hadi jua likaelekea kutua. Sijui walisema nini, wala haikunihusu kujua. Nilichokiona ni kwamba walikula sahani moja.

Sasa nataka kulijibu neno moja. Wako wanaosema: Yesu msalabani alipewa divai iliyochanganywa na manemane akaikataa, basi Mkristo wa kweli avumilie bila dawa. Habari hiyo imo katika Marko 15, mstari wa 23. Ni kweli Bwana alikataa. Lakini tafuta katika Injili zote nne uniambie: ni mgonjwa gani aliyemjia Yesu akiumwa, naye akamwambia aendelee kuumwa ili afundishwe uvumilivu? Hutamwona. Kikombe kile kilikuwa chake, alikinywa yeye kwa ajili yetu. Alipotufundisha jirani ni nani, alitupa mfano wa Msamaria aliyetia mafuta na divai katika majeraha ya mtu, akampandisha juu ya mnyama wake, akalipa gharama ya nyumba ya wageni. Hakumhubiria kwanza.

Na kuhusu dhambi iliyofichwa, soma Yohana sura ya 9. Wanafunzi waliuliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule azaliwe kipofu. Bwana aliwakatalia swali lenyewe. Soma pia 2 Wakorintho sura ya 12. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, na haukuondolewa, wala Mungu hakuwa amemwacha. Mambo hayo nilimsomea mzee, pole pole, siku nyingi. Wakati huu aliweza kuyasikia. Ndugu zangu, mtu mwenye vidole vitano vya maumivu hawezi kusikiliza Zaburi. Kwanza mpunguzie maumivu, nawe utakuwa umeifungua Biblia mbele yake.

Basi nikuachie mambo matatu.

La kwanza, uliza. Usimwulize mgonjwa hujambo, maana kwa heshima atakujibu sijambo. Mwulize unaumwa wapi, kiasi gani, umelala saa ngapi, ni jambo gani linalokusumbua zaidi ya mengine. Kisha unyamaze, umpe nafasi ya kujibu.

La pili, amini anachokujibu. Asipolia haina maana kwamba haumwi. Wazee wetu walifundishwa kutopepesa jicho, na ushujaa huo wanao hata kitandani.

La tatu, tenda lililo dogo na lililo karibu. Ulizia katika hospitali ya serikali iliyo karibu nawe mahali huduma ya kutuliza maumivu inapopatikana, na uulizie mapema, usingoje wiki ya mwisho. Kaa zamu usiku mmoja. Beba shuka ukazifue. Mwulize na anayemtunza.

Mzee alikuja kanisani Jumapili moja. Tulimwekea kiti cha plastiki chenye mto, karibu na mlango. Alipokea mkate na divai akiwa ameketi na watu, kama alivyotaka. Baadaye, mvua za vuli zilipoanza, alilala. Kutoka siku ya vidole vitano hadi siku ile zilipita wiki kumi na moja. Hatukumwongezea miaka. Lakini wiki hizo zilikuwa zake.

Jioni ya mwisho nilipomtembelea hakuweza tena kusema mengi. Nikainama nikamwambia, "Mzee, nionyeshe kwa vidole." Alinyosha kimoja. Nikamwuliza, "Na amani?" Ule mkono ukafunguka wote, vidole vitano, ukabaki hivyo juu ya blanketi.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, wewe uliyesimama njiani kwa ajili ya kilio cha mtu mmoja, utusimamishe na sisi. Utusamehe tulipomsema mgonjwa badala ya kumsikiliza. Uwe karibu na wote ambao leo wamelala wakiumwa, huku Kitengela na Kajiado, na kila mahali sauti hii inapofika. Uwape usingizi, uwape watu wa kuwauliza na kuwaamini. Uwatie nguvu madaktari na wauguzi, uwape raha wanaowatunza wagonjwa nyumbani. Na saa yetu itakapofika, mkono wetu ufunguke kwako kwa amani. Amina.